Akala Nilizomchakazia Mheshimiwa

Kosa langu la kwanza, siku ya tatu kazini, lilikuwa kusema kwamba viatu vilikuwa vipya.

Hakuna aliyeniuliza. Tulikuwa watu sita katika ofisi ya kampeni, na mheshimiwa alikuwa amesimama katikati ya zulia akiwa amevaa akala, zile ndala za tairi zinazotengenezwa sokoni Kariokor. Tulimwita mheshimiwa ingawa hakuwa ameshinda chochote. Kwetu jina hilo hutangulia kura. Kila mtu alikuwa anamsifu. Meneja wa kampeni, dada mmoja mwenye simu mbili ambaye sikuwahi kumwona ameketi, alisema, "Sasa ndio umekuwa mtu wa mtaa." Mimi nilikuwa kwenye kona na kamera yangu. Kupitia kioo niliona soli nyeusi tii na mikanda inayong'aa kama mgongo wa mende, na mdomo ukanitoka.

"Lakini zinaonekana zimenunuliwa jana."

"Si zilinunuliwa jana," meneja akasema.

"Ndiyo. Na wataona."

Mheshimiwa akatazama miguu yake, miguu laini, kucha zimekatwa sawasawa, kisha akanitazama mimi. "Huyu kijana ana macho," akasema. Nilifurahi sana. Najua ilivyo aibu kukiri, lakini nilikwenda nyumbani, mtaa wa Fedha, nikiwa nimebeba sentensi hiyo kama mtoto aliyepewa cheti shuleni.

Lazima nieleze kwa nini. Kupiga picha nilijifunza mwenyewe, kwa simu yenye kioo kilichopasuka na masomo ya bure ya mtandaoni, nikirudia kila somo mpaka nijue mwalimu atakohoa wapi. Mtu aliyejifundisha ana hofu moja ambayo haiishi: kwamba siku moja ataingia mtu aliyefundishwa kweli, aangalie kazi yako, acheke. Kwa hiyo mimi hukagua kila kitu mara saba. Ujumbe wa mistari mitatu unaweza kunichukua nusu saa, nikiutuma naufungua tena kutafuta makosa. Kuambiwa na tajiri kwamba nina macho kulinituliza kwa siku nzima. Kesho yake nilikuwa nalihitaji neno hilo tena.

Sasa, kwa nini akala. Hiyo sababu ilikuwa baba yangu.

Baba ni fundi wa akala Kariokor tangu kabla sijazaliwa. Alitoka Murang'a akiwa kijana na hajabadilisha benchi la kazi. Safu yao ya vibanda ina mafundi kama ishirini, wengine wa viatu vya ngozi, wengine wa mikanda na shanga, na yeye ndiye mwenyekiti. Safu ile ina desturi yake. Mgeni yeyote anayetaka kuzungumza nao, awe wa kanisa, wa chama au wa serikali, huketishwa kwenye kigoda kifupi na kuvuliwa kiatu kimoja. Baba hukikagua, akikuta kasoro hukitengeneza bure, kisha husema neno moja au mawili juu ya mwenye kiatu. Baada ya hapo ndipo mgeni huanza kuongea. Ni utani, lakini ni utani ambao watu huuamini. Miezi michache kabla, mgombea mwingine alikuja na viatu vya ngozi vya kuchongoka. Baba alikigeuza kimoja, akapuliza soli, akasema, "Hivi ni viatu vya garini." Mtu alirekodi kwa simu. Kufikia jioni mitaa yote ya Eastlands ilikuwa inamwita mgombea huyo Viatu vya Garini, na hakupata tena mahali pa kusimama bila kuitwa hivyo.

Meneja aliiona video ile. Ndiyo maana akala zilinunuliwa. Na alipojua, kwa sababu nilimwambia mwenyewe nikijigamba, kwamba mzee wa kwenye video ni baba yangu, alivuta kiti karibu na changu.

"Mzee huwa anaangalia nini?" akauliza.

Nikamwambia. Hili ndilo nataka liandikwe wazi: hakuna aliyenilazimisha. Nilimwambia kwamba baba huanza na kisigino, kwa sababu kila mtu hula kisigino kwa upande wake. Kwamba hupitisha kidole kwenye vichwa vya misumari kuona kama vimelainika. Kwamba huangalia ile ngozi ya juu ya soli, pale mguu unapokanyaga, kwa sababu jasho la vidole huacha alama nyeusi ambayo huwezi kuipaka kwa mkono. Nilijaza kurasa mbili. Hata mchoro nilichora.

"Basi zivae wewe," meneja akasema. "Tuna wiki tatu kabla ya kwenda Kariokor."

Wakati huohuo tulikuwa tunajaribu mambo mengine, na sitaki mtu adhani mheshimiwa alikuwa mtu mbaya. Alikuwa anajaribu kweli. Tulimpeleka kwenye kituo kimoja cha kuosha magari akiwa amekariri salamu za Sheng, lugha ya vijana wa mtaani, akazitoa zote tatu kwa mfululizo kama mtu anayetaja namba ya simu. Vijana walimtazama. Mmoja, mpira wa maji mkononi, akamjibu kwa upole, "Buda, hiyo ni Sheng ya mamangu." Wakacheka. Mheshimiwa naye alicheka, lakini kwanza alimtupia jicho meneja kuona kama ni wakati wa kucheka. Siku nyingine, ndani ya gari, aliniambia kwamba utotoni alichunga mbuzi kwa akala na alizichukia kwa sababu zilimkata kisigino. Sikujua kama ni kweli. Nadhani naye hakuwa na hakika tena.

Nikaanza kutembea. Kila asubuhi nilitoka Fedha, nikapitia viwandani, nikafika mtaa wa mabanda wa Mukuru kwa Reuben na kurudi. Akala zilikuwa namba kumi, yaani mguu wake. Mimi navaa namba nane. Nilikaza mikanda mpaka mguu ukashika nyuma kwenye kisigino, nikaendelea. Soli ya tairi haiishi kwa wiki tatu, kila fundi anajua, kwa hiyo jioni nilikaa na tupa na msasa nikifuata pale mguu wangu ulipoanza kula, nikisugua kidogo, nikipima, nikisugua tena. Nilizikanyagisha matope, nikazianika juani, nikazikanyagisha tena. Nilipiga picha za kila siku nikazipanga kwenye simu kwa tarehe. Sijawahi kufanya kazi kwa bidii namna ile.

Saa za asubuhi njia ya viwandani hujaa watu wanaokwenda kusimama mlangoni kutafuta kazi ya siku. Hutembea haraka, hawaongei sana. Asubuhi moja mwanamume mmoja wa makamo, aproni yake imekunjwa kwapani, alitembea kando yangu mpaka tukafika kwenye lango la kiwanda kimoja.

"Wewe unaandikwa wapi?" akaniuliza.

"Natafuta tu."

Akatazama akala zangu, matope, jasho. Akasogea nyuma hatua moja. "Simama hapa mbele yangu. Wakianza kuhesabu, usiangalie chini. Wanaoangalia chini huwa hawachukuliwi."

Nilisimama pale mbele yake kwa dakika tano nzima kwa sababu sikujua jinsi ya kuondoka. Kisha nikajifanya napokea simu, nikatoka kwenye mstari. Nafasi yake ilirudi, sikumwibia chochote, lakini nilitembea mpaka nyumbani nikijibu maswali ambayo hakuniuliza.

Baba alijua nafanya kazi ya picha kwenye kampeni. Habari za akala hakuzijua. Nilizivua kila nilipokwenda kumwona, nikazifungia kwenye mfuko wa karatasi.

Siku ya ziara ilikuwa Jumanne, saa nne asubuhi. Tulishuka garini mbali, nyuma ya soko, ili mheshimiwa aonekane anatokea kwa miguu. Nyundo za Kariokor ukizisikia mara ya kwanza unaweza kudhani mvua ya mawe. Zilipungua moja moja alipokuwa anapita, mpaka tulipofika safu ya baba zikawa zimenyamaza. Nilikuwa natembea kinyumenyume mbele yake na kamera, na kupitia kioo niliona kitu ambacho wiki zote tatu sikukifikiria: hakujua kutembea nazo. Aliinua miguu juu na kuishusha taratibu. Nikajiambia hakuna aliyeona.

"Karibu, mheshimiwa," baba akasema. "Kaa hapo. Hapa kwetu tunaanzia chini."

Watu wakacheka. Mheshimiwa akaketi, akatoa mguu wa kushoto kwa bashasha, kama tulivyofanya mazoezi. Jirani ya baba, mama mmoja wa shanga ambaye wazazi wake walitoka Lamu na ambaye alinijua nikiwa natambaa, akasogeza miwani yake. "Haya, mwenyekiti. Tusomee."

Baba akaigeuza akala. Akaangalia kisigino muda mrefu kuliko kawaida. Akapitisha kidole kwenye misumari. Kisha akaigeuza juu, akaweka kidole gumba kwenye alama nyeusi ya kidole kikubwa cha mguu, na kutoka pale akapima mpaka ncha ya soli. Upana wa vidole viwili vya ngozi safi, isiyoguswa. Akatazama mguu wa mheshimiwa, uliokuwa umetulia kwenye kipande cha gazeti, mrefu, namba kumi kamili. Mimi niliyekagua kila kitu mara saba sikuwa nimeona hilo.

Akarudi kwenye kisigino. Kilikuwa kimeliwa upande wa nje. Mguu wangu wa kushoto hukanyaga hivyo tangu nilipovunjika kifundo nikiwa darasa la tatu, na baba ndiye aliyekuwa akinipigia kipande cha ziada cha tairi pale pale, kila muhula, mpaka nilipomaliza shule. Hakuwa na haja ya kuuliza.

Akainua uso akanitazama. Sikuishusha kamera. Naikumbuka sura yake kwenye kioo, ndogo, iko wazi kabisa.

"Mbona umekuwa bubu?" mama wa shanga akauliza.

"Mzee, sema basi, tuna kazi," akaongeza fundi mmoja kutoka nyuma.

Ningeweza kusema pale pale. Maneno nilikuwa nayo: akala ni zangu, baba, nilizichakaza mimi. Yalikuwa machache kuliko ujumbe wowote niliowahi kutuma. Meneja alikuwa amesimama begani kwangu, nasikia pumzi yake. Safu nzima ilikuwa inangoja neno la mtu ambaye hajawahi kuwadanganya, na mtu huyo alikuwa ananingoja mimi.

Baba akachukua nyundo, akapiga msumari mmoja kwenye mkanda ambao haukuwa umelegea. Akamrudishia mheshimiwa akala yake.

"Huyu anatembea," akasema.

Mafundi wakapiga makofi. Mheshimiwa akasimama, akaongea vizuri, akasema atahakikisha hawaondolewi kwenye eneo lile. Nilirekodi kila neno. Kwenye gari meneja alinipiga bega. Mheshimiwa aligeuka kutoka kiti cha mbele akasema, "Kijana, wewe ni fundi kama babako." Nilisema asante. Nikavumilia mpaka mzunguko wa barabara uliofuata, nikaomba kushuka.

Alasiri nilirudi Kariokor. Baba alikuwa amefunga mapema, jambo ambalo hafanyi. Nilimkuta kwenye kibanda cha chai nyuma ya soko, kikombe kimejaa na kimepoa. Nikakaa mbele yake. Nilikuwa nimeandaa maelezo njiani, nikayapanga vizuri, lakini alitangulia.

"Ulifanya kwa msasa ama tupa?"

"Zote mbili."

Akatikisa kichwa. "Kisigino ulikipata. Vidole ndivyo vilikuangusha."

"Baba, mbona hukusema?"

"Nilikuona umejificha nyuma ya kamera." Akasogeza kikombe. "Ulikuwa umekaa bila kazi muda mrefu. Nikasema, nikimvua huyu mheshimiwa hapa, nimemvua kijana wangu. Basi." Akatazama upande wa safu. "Wale watu nimekaa nao maisha yangu yote. Sijawahi kuwaambia uongo hata wa bei."

Sikulala vizuri, na kulipokucha nilikuwa nimeamua. Hapa nataka niwe mkweli zaidi, kwa sababu nimewahi kuisimulia hadithi hii kwa namna inayonipendeza, nikijifanya shujaa. Nilitaka kumsaidia baba, ndiyo. Lakini nilitaka pia kosa litoke kwangu, kama ninavyofuta picha mbovu kabla mtu hajaiona. Sikumuuliza baba. Nilikwenda Kariokor asubuhi, nikasimama katikati ya safu, nikasema kwa sauti iliyopanda juu kuliko nilivyotaka, "Zile akala za jana ni mimi niliyezivaa. Mheshimiwa hajatembea nazo hata siku moja. Baba aliona, akaninyamazia. Msimlaumu."

Nyundo zilisimama. Baba, msumari ukiwa katikati ya midomo, hakuinua kichwa.

Mama wa shanga ndiye aliyeanza kujibu. Aliweka sindano yake chini kwa utaratibu. "Mwanangu, sisi tulijua tangu jana."

"Mlijua?"

"Mtu mwenye akala za miaka mitatu hazivai kama anayekanyaga mayai." Watu wawili watatu wakacheka kidogo, si kwa ubaya. "Tulimwona anavyokuja. Tukangoja babako aseme. Aliposema anatembea, tukakutazama wewe na kamera yako, tukaelewa. Mzazi ni mzazi. Tukapiga makofi, tukaacha."

"Sisi tulikuwa tumeshamaliza hayo maneno," fundi wa nyuma akasema. "Sasa wewe umeyaleta tena."

Sikuwa nimefikiria kwamba watu wanaweza kuona jambo, wakalifunika pamoja kwa heshima ya mwenzao, na kwamba mimi nimekuja kulifunua ili nijisikie vizuri. Sasa lilikuwa limesemwa mbele ya watu wote, na kitu kilichosemwa hakiwezi tena kupuuzwa.

Baba akatoa msumari mdomoni. "Ulikuja kunisaidia," akaniuliza, bila ukali, "ama ulikuja kunawa mikono?"

Nilimwambia sijui. Lilikuwa jibu la kweli. Akapokea jibu hilo kwa kuguna, akasogea kidogo kwenye benchi, na baada ya muda nikaelewa kwamba ameniachia nafasi. Nikakaa. Nyundo zikaanza tena, kwanza moja ya mbali, kisha nyingine. Kabla ya saa sita baba alisimama, akawaambia wenzake kwamba mwenyekiti wachague mwingine. Fundi wa nyuma alisema hakuna haja. Baba alisema haja ipo. Nilikuwa nimekaa pale pale, kando ya nafasi aliyoiacha.

Mheshimiwa alishinda. Sijui kama akala zilichangia. Kuna mambo mengi zaidi huingia kwenye kura. Nilikuwa nimeacha kazi wiki ileile ya ziara. Meneja aliandika ujumbe mmoja tu, akiomba nenosiri la zile picha, nikampa.

Sasa mwenyekiti ni mama wa shanga. Mgeni akija, kiatu hupewa yeye, na baba huendelea na kazi yake bila kuangalia. Hajawahi tena kuombwa asome. Mimi napiga picha viatu vya mafundi wa safu ile nikiviuza mtandaoni, nashinda nao siku nne kwa wiki, na bado nakagua kila picha mara saba. Kwa baba naenda kabla ya kuamua jambo linalomhusu, namuuliza, na akikataa naacha.